Kiti cha Ambulensi Kinaanzia Kidato cha Pili

Mazungumzo na vijana wa kisiwa cha Mfangano kuhusu kujiandaa kimasomo kuwa paramediki



Vijana wenzangu wa Mfangano, na nyinyi mlioko Rusinga, Mbita, Homa Bay mjini na kule Migori ambao mtasoma haya maneno kwa simu, karibuni. Na wewe ambaye si Muislamu lakini rafiki yako amekutumia, karibu pia. Boti tunapanda moja.

Leo nina jambo moja tu. Kuna vijana wengi hapa wanaoniambia wanataka kuwa paramediki, yule mhudumu wa dharura anayekaa nyuma ya ambulensi na mgonjwa na kumshughulikia mpaka hospitali. Nikiwauliza umejiandaa vipi, jibu ni lile lile: "Mimi niko na roho ngumu. Siogopi damu."

Sawa, roho ngumu ni nzuri. Lakini hakuna chuo kitakachokupima roho. Kitaangalia matokeo yako ya KCSE, kitaangalia Biolojia, kitaangalia lugha. Na hata wakikuchukua, wiki ya kwanza darasani utapewa mapafu, moyo na hesabu za dawa. Hapo roho ngumu haikusaidii kama ulilala kwenye Biolojia ya kidato cha pili.

Tuelewane kwanza kwa nini jambo hili linatuhusu sisi watu wa visiwani kuliko mtu wa Nairobi.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaenda mbele zaidi. Ilieleza kwamba matibabu hayo ya dharura yanajumuisha huduma kabla ya kufika hospitali, kumtuliza mgonjwa hali yake isizidi kuharibika, na kupanga apelekwe anakoweza kutibiwa. Soma hapo tena: kabla ya kufika hospitali. Kwa mtu wa mjini hiyo ni dakika kadhaa kwenye gari. Kwa mtu wa Mfangano ni boda boda kwanza mpaka ufuoni, halafu boti mpaka Mbita, saa nzima au zaidi kutegemea injini na upepo, na akihitaji hospitali kubwa bado kuna barabara mpaka Homa Bay mjini. Kwa hivyo sehemu kubwa ya haki yetu ya matibabu ya dharura iko majini.

Sasa jiulize, ndani ya hiyo boti nani yuko na mgonjwa? Mara nyingi ni jamaa zake tu, wanamshika mkono na kuomba dua. Dua ni muhimu, hakuna anayekataa. Lakini mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua anahitaji pia mtu anayejua kukanda mfuko wa uzazi, kufuatilia mapigo, na kupiga simu mbele ili wanaompokea wawe tayari. Mtoto mwenye malaria kali aliyeanza kutetemeka na kupoteza fahamu anahitaji mtu anayejua kulinda njia yake ya hewa. Mvuvi aliyetolewa majini hapumui anahitaji pumzi saa hiyo hiyo, haiwezekani kungojea Mbita. Tunaweza kuandamana tudai boti ya wagonjwa, na tunayo haki ya kudai. Lakini ikija bila mtu aliyesomea kazi hiyo, tumepata usafiri tu.

Huyo mtu anaweza kuwa wewe. Tuone basi unafikaje.

Mlango uko wapi

Njia inayojulikana zaidi ni KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1927 na kina matawi mengi, pamoja na Homa Bay na Migori. Si kila tawi lina kila kozi, kwa hivyo angalia kozi za huduma ya dharura zinafundishwa wapi kabla hujajaza fomu. Kwa kawaida KMTC inataka wastani wa C kwa diploma na C- kwa cheti. Halafu inaangalia masomo yenyewe: Kiingereza au Kiswahili, Biolojia, na moja kati ya Kemia, Fizikia au Hisabati. Miaka ya karibuni maombi yamekuwa yakipitia KUCCPS. Soma tangazo la mwaka wako, kila kozi ina masharti yake, na usiishi kwa maneno ya "niliambiwa".

Wengi huanza na ngazi ya fundi wa huduma ya dharura, kile kinachoitwa EMT, wanafanya kazi, halafu wanapanda mpaka paramediki. Hakuna aibu kuanzia chini. Kuna taasisi nyingine zinazofundisha ngazi hizi, na hapo ndipo kuna walaghai pia. Kabla hujatoa hata shilingi ya ng'ombe aliyeuzwa na mzee wako, uliza maswali matatu. Je, chuo kimesajiliwa na TVETA au mamlaka nyingine inayohusika? Je, cheti chake kinatambuliwa na baraza la wahudumu wa dharura, na waajiri wamewachukua waliotoka hapo? Je, mafunzo ya vitendo kwenye ambulensi na hospitali yako wapi na ni ya muda gani? Wakikwepa swali lolote kati ya hayo, rudi nyumbani na pesa yako.

Na nyinyi wadogo mlio kwenye mtaala mpya, hili linawahusu zaidi. Darasa la kwanza la Gredi ya 10 limeanza mwaka 2026, na mwanafunzi anachagua njia moja kati ya tatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Mtu anayetaka ambulensi achague ile ya sayansi na ahakikishe Biolojia imo kwenye masomo yake. Ukichagua kwa sababu rafiki yako amechagua, utakuja kulia baada ya miaka mitatu. Wazazi pia tuwaelezee, kwa sababu wengi wao hawajui kwamba uamuzi huu unafanywa mapema hivyo.

Biolojia ni kazi yenyewe

Mhudumu wa dharura akifika kwa mgonjwa anafuata mpangilio: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, halafu akili na mishipa ya fahamu, halafu mwili wote. Sasa chukua kitabu chako cha Biolojia cha kidato cha pili. Utakuta usafirishaji katika wanyama, yaani moyo, mishipa na damu. Utakuta ubadilishanaji wa gesi, yaani mapafu. Utakuta upumuaji wa seli. Utakuta utoaji taka na uthabiti wa mwili, yaani figo, ini, sukari na joto. Umeona? Kazi ya paramediki karibu yote iko kwenye kitabu kimoja, na ni kile ambacho wanafunzi wengi hukichukulia mchezo kwa sababu "KCSE bado mbali".

Kidato cha tatu kuna uzazi, na huko ndiko anatoka yule mama wa kwenye boti. Kidato cha nne kuna jenetiki, ambamo unafundishwa selimundu, ugonjwa ambao familia nyingi za ukanda huu wa ziwa zinaujua kwa majina ya watoto wao. Kuna mfumo wa fahamu, utakaokusaidia kuelewa kwa nini mtu aliyeanguka na boda boda bila kofia anaongea vizuri kisha saa moja baadaye anazimia. Kuna mifupa na misuli.

Kwa hivyo usome vipi? Chukua mada moja kwa wiki. Siku ya kwanza soma na uandike kwa maneno yako. Siku ya pili chora bila kuangalia kitabu: moyo wenye vyumba vinne, damu inaingia wapi inatoka wapi. Ukikosea rudia mpaka mkono uzoee. Siku ya tatu mweleze mtu ambaye hajasoma sayansi. Mweleze nyanya yako kwa Dholuo kwa nini mtu akipoteza damu nyingi mapigo yanaenda mbio. Akielewa, umeelewa. Akikuuliza swali ukakwama, hapo ndipo pa kurudi kusoma. Siku zilizobaki fanya maswali ya mitihani iliyopita, na usisahau karatasi ya tatu, ile ya vitendo. Ina alama 40, na wengi huipuuza kwa sababu shule haina maabara nzuri. Samaki mnaye hapa kila siku. Mpasue, tafuta matamvua, tafuta moyo, chora. Kuna mwanafunzi wa mjini anasoma matamvua kwenye picha tu.

Hesabu zinazookoa mtu

Nikitaja Hesabu watu wanaanza kuangalia simu. Sikizeni. Hesabu za ambulensi si zile ngumu unazoziogopa. Ni kuzidisha, kugawanya, uwiano na vipimo. Shida ni kwamba unazifanya usiku, boti inayumba, na mama wa mtoto analia kando yako. Kwa hivyo lazima ziwe zimeingia kichwani tangu shule.

Nitawapa mifano mitatu. Ni ya kujifunzia hesabu, si maagizo ya kumpa mtu dawa.

Wa kwanza, oksijeni. Tuseme silinda imebaki na lita 400, na mgonjwa anatumia lita 8 kwa dakika. 400 gawanya kwa 8 ni dakika 50. Boti inachukua dakika 75. Umeona tatizo? Itaisha mkiwa bado majini. Aliyepiga hesabu hiyo ufuoni ataomba silinda ya pili kabla ya kuondoka. Asiyepiga ataijua dakika ya 51.

Wa pili, dawa ya mtoto. Mtoto ana kilo 12 na kipimo ni miligramu 15 kwa kila kilo. 12 mara 15 ni miligramu 180. Dawa ya maji iliyo mkononi ina miligramu 120 katika kila mililita 5. 180 gawanya kwa 120 ni moja na nusu. Moja na nusu mara 5 ni mililita 7.5. Sasa weka nukta mahali si pake, mpe mililita 75. Hesabu uliyokuwa ukinakili kwa rafiki imekuwa sumu.

Wa tatu, maji ya mshipani. Mililita 500 ziingie kwa saa 4, na mrija unatoa matone 20 kwa mililita. 500 mara 20 ni matone 10,000. Saa 4 ni dakika 240. Gawanya, unapata karibu matone 42 kwa dakika.

Hiyo ndiyo hesabu. Fanya ishirini kila siku bila kikokotoo. Badilisha gramu kuwa miligramu, lita kuwa mililita, saa kuwa dakika. Baada ya miezi mitatu utaona hata karatasi ya Hisabati ya shule imeanza kukuheshimu. Kemia nayo ina moli na viwango vya myeyusho, na sheria za gesi za kidato cha tatu ndizo zinazoeleza ile silinda. Fizikia ina shinikizo. Haya masomo yanasaidiana, usiyachukie moja moja.

Lugha nayo ni kifaa

Chuoni utafundishwa kwa Kiingereza, vitabu ni Kiingereza na ripoti unaandika kwa Kiingereza. Lakini mgonjwa wako hatalia kwa Kiingereza. Atalia kwa Dholuo, kwa Olusuba au kwa Kiswahili. Mzee akikwambia maumivu yake kwa lugha yake, wewe uyaandike kwa lugha ya daktari bila kupoteza chochote. Kijana wa hapa anayejua lugha tatu ana kitu ambacho mwenzake wa mbali hana.

Zoezi ni hili. Kila jioni andika mistari kumi ya Kiingereza kuhusu tukio moja ulilokutana nalo: saa ngapi, wapi, nani, nini kilitokea kwanza, kikafuata nini. Usiweke maoni, usiweke "I think". Hivyo ndivyo ripoti ya mgonjwa inavyoandikwa. Halafu jifunze vipande vya maneno ya kitabibu. "Hypo" ni chini, "hyper" ni juu, "cardio" ni moyo, "haemo" ni damu. Ukijua vipande thelathini hivi, neno refu halikutishi tena, unalikata kama mkate.

Kwa wale waliopata alama ya chini

Najua wako hapa wenye D+ ambao wanafikiri mazungumzo haya yamewapita. Msiondoke.

Mwaka 1967, kule Pittsburgh, Marekani, ambulensi zilikuwa za polisi au za watu wa mazishi. Walikupakia na kukimbia tu. Mtaa wa watu weusi, Hill District, ulikuwa unangoja sana, na wakati mwingine hawaji kabisa. Ikaanzishwa huduma iliyoitwa Freedom House, na vijana weusi wa mtaa huo huo ndio walioajiriwa. Wengi walikuwa hawana kazi, na wengi hawakuwa wamemaliza sekondari. Watu waliwaona ni wa kukaa vijiweni. Daktari Peter Safar, mmoja wa waliobuni njia ya kisasa ya kumrudishia mtu pumzi na mapigo, aliandaa mafunzo yao. Hakuwapunguzia masomo kwa sababu ya walikotoka. Walisoma anatomia, jinsi mwili unavyofanya kazi, huduma ya kwanza na kuendesha ambulensi kwa usalama, mamia ya saa, na wasio na cheti cha shule walisaidiwa kukipata. Wakawa miongoni mwa paramediki wa kwanza Marekani.

Huduma hiyo ilifungwa mwaka 1975, jiji likaanzisha yake, na wengi wao wakasukumwa pembeni. Hiyo ni dhuluma na tusiifiche. Lakini walichojua hakikufungwa. Daktari aliyewasimamia miaka ya mwisho, Nancy Caroline, aliandika kitabu cha kufundishia paramediki kilichosambaa nchi nzima. Na mnajua baadaye alifanya kazi wapi? Hapa Kenya, miaka ya 1980, na AMREF, shirika la madaktari wa ndege lililoanzishwa mwaka 1957. Kwa hivyo elimu iliyoanza na vijana wa mtaa uliodharauliwa iliwahi kufika mpaka kwetu.

Sasa wewe wa D+. Mlango wa kwanza ni kurudia KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi. Uliza mapema kuhusu usajili, usingoje mwezi wa mwisho. Mlango wa pili ni kuanza na mafunzo ya huduma ya kwanza, Msalaba Mwekundu na St John wanayatoa, na ujitolee katika kituo cha afya au na wahudumu wa afya ya jamii, huku ukiendelea na Biolojia yako jioni. Cheti cha huduma ya kwanza hakichukui nafasi ya alama ya KCSE, nisikudanganye. Lakini kitakuonyesha kama kazi hii unaitaka kweli, au uliipenda sare tu.

Mambo madogo yanayofunga milango

Jina. Kwetu Waislamu hili limetutesa sana. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, KCSE inasema Muhammad, kitambulisho kinasema Mohammed, na kuna jina la nyumbani la Dholuo ambalo liko kwenye karatasi moja na halipo kwenye nyingine. Hakikisha majina yanafanana kabla mwalimu hajakusajili mtihani. Kusahihisha baadaye ni safari, ada na miezi.

Karo. Uliza kuhusu mkopo wa HELB, basari ya kaunti na NG-CDF mapema, kwa barua na nakala za vyeti, si kwa kumvizia kiongozi kwenye mazishi.

Na kina dada. Kuna akina mama wengi ambao wakishikwa na uchungu njiani wangependa wahudumiwe na mwanamke. Tukiendelea kuwaambia wasichana wetu kwamba sayansi ni ya wavulana, tusilalamike siku hiyo mhudumu akiwa mwanamume. Baba, kaka, mpunguzie dada yako maji na kuni wiki za mtihani. Huo ndio mchango wako kwa ambulensi.

Tufanye nini kuanzia wiki hii

Anzeni kikundi cha watu watano, wasizidi wanane. Mkutane jioni mbili kwa wiki, mahali penye taa: shuleni, msikitini baada ya Isha, au kwa yeyote mwenye sola nzuri. Jioni ya kwanza ni Biolojia: mmoja anafundisha mada ya wiki, wengine wanamuuliza. Jioni ya pili ni hesabu ishirini na ripoti moja ya Kiingereza, mnasahihishana. Simu zinawekwa katikati ya meza. Atakayekosa mara tatu bila sababu apishe mwingine. Mwalimu wa sayansi au muuguzi wa hapa mwombeni aje mara moja kwa mwezi. Muombeni kwa heshima, wengi watakubali.

Sheria imeshasema huduma inaanza kabla ya hospitali. Kazi ya kudai boti, dawa na ajira tutaendelea kuifanya pamoja, na wakubwa watatusikia. Lakini kuwa na mtu wa hapa anayestahili kukaa kwenye boti hiyo, hilo haliombwi ofisini. Linaanza na kitabu cha kidato cha pili, na wengi wenu mnacho nyumbani, labda mmewekea kikombe juu yake.

Mtumie mdogo wako maneno haya, na umuulize moyo una vyumba vingapi.